Bega la Bubu

Kambini, 6 Aprili

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa na kikombe cha chai, siyo umeinama kwenye jiliwa ukibana vyuma huku mgongo unauma na wewe hutaki kusema. Mimi ni mzima. Huku simu imebaki kuwa tochi tu, haishiki mtandao hata nikipanda juu ya gari, kwa hiyo barua zetu zinakwenda na kurudi na gari la mahitaji, nalo linafika linapojisikia. Mama ameniandikia kwamba mapacha wa dada wameanza kutembea na wameshavunja redio. Wapongeze, ila usiwaruhusu karakanani.

Sasa habari yenyewe. Nimepandishwa cheo, ndimi mkuu wa kambi ya upimaji. Barabara mpya tumeshaipima milimani kote, limebaki bonde la mto. Bonde limejaa matete marefu kuliko mtu, na matete yamejaa nyati. Askari wa wanyamapori aliyekuwa anatulinda amehamishwa, kaondoka na bunduki yake. Ofisi imekubali kununua bunduki, na mmoja wetu atafundishwa kuitumia na kuandikiwa kibali. Bila hivyo haturuhusiwi kukanyaga kwenye matete. Na tusipomaliza kabla ya mvua, kazi anapewa mtu mwingine, mimi narudishwa mezani kunyoosha mistari ya wenzangu.

Mbebaji ni mimi, bila shaka. Mkuu wa kambi hawezi kulindwa na watu wake. Nimewaambia ofisini kwamba fundi bunduki ninayemwamini ni mmoja tu, na wamekubali itoke kwako. Kuchagua nimeshachagua. Nataka ile nne-tano-nane, ya kuangushia tembo, yenye darubini juu. Nimeiona picha yake, inatisha vizuri sana. Ukisema ndiyo leo, mwezi ujao tuko ndani ya matete.

Kambi yetu ni ndogo: mimi, dereva, vibarua wa kufyeka, Mrefu anayenishikia fito ya kupimia, na mpishi. Mpishi anapika vizuri. Bahasha hii ameigandisha yeye kwa uji wa ngano, maana gundi yetu imekauka.

Mwanao,
Mkuu wa Kambi


Karakanani, 20 Aprili

Baba,

Marahaba. Nakuita baba kwa sababu una jina la babangu, siyo kwa sababu ya akili zako. Hongera ya cheo. Huku wote wazima. Baba yako kakatazwa na daktari kuinua vitu vizito, basi hata kikombe sasa hainui, anasubiri aletewe. Jirani yangu fundi cherehani ananunua mashine ya pili. Sajenti mstaafu kaleta tena bunduki yake isafishwe. Nimeitazama mtutuni, ni safi kuliko sahani zangu. Nimemwambia aiache, nitaiangalia.

Haya, nne-tano-nane. Umewahi kuipiga? Mara ya kwanza itakusukuma bega. Mara ya pili utafumba macho kabla ya kubonyeza, kwa kuukumbuka ule msukumo. Mtu anayepiga nyati huku kafumba macho ni bora apige makofi. Na darubini ni ya nini? Nyati wa kwenye matete hukai ukamwona kwa mbali. Utamwona akishakuwa karibu kiasi cha kukupigia chafya. Unataka darubini umhesabie kope?

Bunduki nitachagua mimi. Lakini karakana hii haichagui bunduki kwanza, inachagua bega kwanza. Ndivyo babu yako alivyofanya kazi, na ndivyo nifanyavyo. Kwa hiyo gari hili linakuletea Bubu. Usicheke. Bubu ni bunduki ya mti, babu yako kamchonga mwenyewe, ndani ana chuma ili awe na uzito wa kweli. Hana tundu, hatoi hata pumzi. Kila aliyetaka bunduki kubwa kwa babu yako, hata akija na mlinzi na gari jeusi, alipewa Bubu kwanza akaishi naye. Masharti yake ni haya: anakwenda popote uendapo, halazwi chini, haelekezwi kwa mtu hata kwa mzaha, na wakati wowote ukiulizwa yuko wapi, mkono wako uwe unamgusa. Mtu asiyejua bunduki yake iko wapi ni hatari kuliko nyati.

Pia nitumie uzi. Kunja mkono, pima kutoka kwenye kiwiko hadi kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada, ukate hapo. Kitako cha bunduki kinakatwa kwa mkono wa mtu kama nguo inavyokatwa kwa mwili.

Itachukua muda. Jiliwa limevunjika skrubu.

Shangazi yako, mwenye mgongo mzima kabisa


Kambini, 11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mpe baba pole, mwambie hata kijiko ni kizito, asikiguse. Na Sajenti naye mpe salamu. Bunduki safi namna hiyo inasafishwa mara ngapi kwa mwezi? Nauliza tu.

Bubu amefika. Nilivyomtoa kwenye gunia, vibarua walikimbia, halafu waliporudi wakacheka mpaka wakakaa chini. Nimewaeleza kwamba ni chombo cha kitaalamu. Sasa kila asubuhi Mrefu anamsalimia kabla yangu.

Ninaishi naye vizuri. Ni mzito, lakini nimemzoea. Amepata mkwaruzo mdogo upande wa kushoto, usishtuke. Alilala nje usiku mmoja, kwa ajili ya kuzoea hali ya hewa. Tena huwa hapotei, maana nikimsahau kidogo tu, labda kwenye meza ya ramani, au kwenye gari, au chooni (mara moja), mpishi ananiletea. Anakuja na Bubu begani, mtutu umeelekea juu, ananikabidhi, anarudi kwenye masufuria yake. Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kubeba hivyo. Akasema, "Si ulitusomea masharti mwenyewe siku ile? Nilikuwa nakatakata vitunguu, masikio yalikuwa hayana kazi."

Uzi wangu huu hapa. Utaona nina mkono mrefu. Tafadhali Shangazi, lifanyie haraka hilo jiliwa. Matete yanatusubiri, mvua haitusubiri. Mkubwa wangu ofisini ameandika mara mbili kuuliza kama mbebaji yuko tayari, nikamjibu yuko tayari sana.

Kuhusu nne-tano-nane, nimefikiri. Sina haja ya darubini. Lakini ukubwa ubaki pale pale.

Mwanao,
Mkuu wa Kambi


Karakanani, 25 Mei

Baba,

Marahaba. Babu yako hakumchonga Bubu azoee hali ya hewa. Na chooni! Mkwe wa mfalme mmoja aliwahi kumsahau Bubu kwenye kiti cha kinyozi, na babu yako alimrudishia ombi lake siku hiyohiyo, sembuse chooni.

Ukubwa hautabaki pale pale. Nitakueleza mara moja, ukae nayo. Utapata tatu-saba-tano. Risasi yake inatosha kumsimamisha nyati, na msukumo wake mtu wa kawaida anaweza kuuvumilia akapiga ya pili macho yakiwa wazi. Itakuwa ya kukoki kwa mkono, maana haina mambo mengi ya kuzibwa na mchanga. Mtutu mfupi, usije ukanaswa kwenye matete wakati wa kugeuka. Kilengeo cha chuma tu, kipana, cha kuonwa upesi. Na kufuli la usalama linalofunguka kwa kidole gumba bila kelele. Ukitaka ya kutisha kwenye picha, kamwombe mpiga picha.

Sasa mimi nina swali moja. Nimesoma barua zako mbili tena na tena, kwa sababu miwani ni mipya na nataka faida yake. Habari za nyati umeandika kidogo. Habari za mpishi umeandika zaidi. Ni nini hasa kinachokusumbua huko kambini?

Mbao ya kitako bado haijakauka. Mbao mbichi ikikatwa inapinda. Nisubiri.

Sajenti hajambo. Safari hii kaleta bunduki na maembe. Bunduki haikuwa na kasoro, maembe mawili yalikuwa yameoza. Nimemwambia ukweli kuhusu vyote viwili, akafurahi, sijui anafurahia nini.

Shangazi


Kambini, 14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Kinachonisumbua ni kazi, hakuna kingine.

Nyati alifika mtoni tunapochota maji. Akakaa kidogo, akaondoka. Hakuna aliyeumia.

Nimepima tena mkono, ule uzi wa kwanza ulikuwa na makosa. Tumia huu.

Nina haraka, gari linaondoka.

Mwanao


Karakanani, 22 Juni

Baba,

Marahaba, na nisikilize vizuri.

Nimeweka nyuzi mbili mezani. Mkono wako umefupika kwa upana wa vidole vitatu. Ama chakula cha huko hakitoshi, ama kuna jambo. Na uzi huu wa pili unanuka vitunguu.

"Nyati akafika, akaondoka." Wewe ambaye ulipokuwa mdogo uliniandikia ukurasa mzima juu ya jino lililong'oka! Nyati hafiki akaondoka kama mgeni wa chai. Alimkuta nani pale mtoni? Bubu alikuwa begani kwa nani? Na wewe, mkuu wa kambi, ulikuwa wapi?

Nimelala vibaya tangu barua hiyo ifike. Fundi cherehani ananiuliza kwa nini napiga nyundo saa ambazo watu wanakula. Sitakata kipande chochote mpaka nijibiwe. Mbao imekauka, jiliwa limepona, nisimsingizie mtu. Ninayemsubiri ni wewe.

Shangazi yako, ambaye anakupenda na amekasirika


Kambini, 5 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe kwa usingizi wako. Nitasema yote, ila barua hii usiisome mbele ya baba, atanicheka mpaka mgongo umzidi.

Siku ile tulishuka na Mrefu mpaka mtoni kuweka alama ya mwisho kabla ya matete. Alama tu, dakika chache. Nilivaa kofia, nikachukua kipimo, nikachukua ramani, nikachukua hata kalamu ya akiba. Bubu nilimwacha ameegemea meza ya chakula.

Nyati alitoka kwenye matete bila kupiga hodi. Dume, peke yake, pembe zake kama mtu aliyebeba ngazi. Nilimwambia Mrefu, "Tulia, usikimbie," nikiwa tayari niko juu ya mti. Sijui nilipandaje. Ni mti wa miiba, Shangazi, na mpaka leo kuna mahali sikalii vizuri. Mrefu, kwa urefu wake wote, alibaki chini na fito mkononi, kaganda.

Ndipo nikamwona mpishi anakuja kwenye njia ya maji na aproni yake, Bubu begani. Alikuwa ananiletea, kama kawaida. Akamwona nyati. Hakupiga kelele. Alimshusha Bubu kutoka begani, akamweka kwenye shavu, akaja polepole mpaka akasimama mbele ya Mrefu, akamwambia kwa sauti ile ile ya kuuliza nani anaongeza wali, "Shika aproni yangu kwa nyuma. Turudi. Usinikanyage." Wakarudi nyuma hatua kwa hatua, yeye macho kwa nyati, Bubu hatikisiki. Nyati akapiga chafya (ulisema kweli, Shangazi, wanapiga), akachimba ardhi kidogo, halafu akageuka akaingia zake kwenye matete. Nadhani aliona hakuna anayekimbia, akakosa la kufanya.

Mimi nilishuka baadaye, kwa msaada wa ngazi.

Mpishi hakunicheka. Hilo ndilo baya zaidi. Aliniletea kibano na maji ya moto kwa ajili ya miiba, akanikabidhi Bubu, akasema, "Leo nilijua ni wa mti. Mikono yangu ilikuwa haijui." Halafu usiku akasikika anatapika nyuma ya jiko, na asubuhi chai ikawa tayari kama siku zote.

Sasa unaelewa uzi ni wa nani. Nilimwomba nimpime mkono, nikamdanganya kwamba ni wa mashati ya kazi. Akakunja mkono, akanitazama, akasema, "Mashati hayapimwi kwenye kidole." Nilishindwa kukuandikia wazi. Nimeshawaambia ofisini mbebaji ni mimi. Nikisema ni binti anayetupikia, watasema mkuu gani huyo anayejificha nyuma ya aproni. Lakini kila nikifumba macho namwona Mrefu kaganda, na najiona mimi niko juu. Bunduki ikiwa kwangu, siku moja itakuwa imeegemea meza na mtu atakufa.

Swali lako la mwezi wa tano, kinachonisumbua, bado sitalijibu. Au labda nimeshajibu, sijui.

Mwanao (mkuu bado, mpaka ofisi isikie)


Karakanani, 18 Julai

Baba yangu,

Marahaba. Nimesoma, nimelia kidogo, halafu nimecheka mpaka Sajenti akaja kuuliza kama naumwa. Nimemsomea ile ya ngazi. Samahani. Baba yako sijamwambia, lakini Sajenti ana mdomo.

Kwanza, mwambie huyo binti asirudie. Bubu hana risasi, na si kila nyati hukosa la kufanya. Alichofanya kimemwokoa Mrefu, na mimi namshukuru. Lakini nikipata habari kwamba kafanya tena nitakuja mwenyewe kumchapa, halafu nimkumbatie. Mwambie pia kwamba kutapika ni sawa. Babu yako, kila alipotoka kwa nyati, alikuwa anatapika nyuma ya karakana na sisi tulijifanya hatusikii. Wasiotapika ndio aliowanyima bunduki.

Pili, wewe. Unadhani umeaibika. Mimi nasema siku ulipokata uzi wa mkono mwingine ukautia kwenye bahasha, ndiyo siku uliyokuwa mkuu wa kambi. Waandikie ofisini hivyo hivyo, kwa maneno mafupi, na jina lake kwenye kibali. Wakikucheka, waambie waje wenyewe wakapime matete.

Bunduki inakuja na gari hili, mikononi mwa afisa wa wanyamapori, ambaye atakaa hapo na kumfundisha mpaka aridhike. Ni tatu-saba-tano, mtutu mfupi, kitako kimekatwa kwa uzi wa vitunguu. Nimekilainisha kwa msasa mpaka mkono hausikii mahali mbao inapoanzia. Akiiweka begani macho yake yatakuta kilengeo bila kutafuta. Isipokuwa hivyo, airudishe, nitakula msumari.

Nikwambie jambo. Bunduki ilikuwa tayari, isipokuwa kitako, tangu barua yako ya kwanza. Ilikuwa ukutani hapa miaka, nzuri kuliko zote nilizowahi kuzishika. Jiliwa halikuvunjika na mbao haikuwa mbichi. Nilikuwa na bunduki, sikuwa na bega, na nilikuwa naogopa bega litakalokuja ni lako. Nakujua tangu unanyonya. Unasahau viatu ukiwa umevivaa. Sikuweza kukunyima, wala sikuweza kukupa, basi nikakupa Bubu na kuomba Mungu.

Bubu asirudi huku. Abaki kwako. Umbebe mpaka ujifunze.

Shangazi


Kambini, 30 Agosti

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Tumemaliza! Tumetoka upande wa pili wa matete siku sita zilizopita, wote, hadi Mrefu na fito yake, na mawingu ya kwanza yameanza kujikusanya leo. Ofisi walicheka kweli, kwa barua rasmi yenye muhuri, halafu walipoona ripoti ya afisa wa wanyamapori kuhusu shabaha yake wakaacha. Afisa kaandika kwamba hajawahi kumwona mwanafunzi ambaye hakuhitaji kuambiwa bunduki yake iko wapi. Kitako kimemkaa. Hutakula msumari.

Hatukupiga risasi hata moja. Mara mbili tulisikia wakipumua karibu, mara zote mbili akainua mkono, tukasimama, tukangoja, wakapita. Alitangulia na bunduki, mimi nyuma yake na kipimo, Bubu mgongoni. Nilidhani nitaona aibu kutembea nyuma. Nilikuwa naona kisogo chake na mabega yake yametulia, na sikuwahi kuwa na raha namna ile mahali pa hatari.

Kwa hiyo najibu swali lako. Tulipotoka kwenye matete nilimwomba anioe. Ndiyo, nilikosea hivyo hivyo, nilisema "unioe," ulimi ulinitoka. Alifungua bunduki, akatoa risasi zote, akazitia mfukoni, akahakikisha kwa kidole, ndipo akanitazama. Akasema hawezi kukabidhi maisha yake kwa mtu anayesahau vitu. Akasema atanijibu nitakapomaliza wiki nzima bila kumsahau Bubu hata mara moja, na mhesabuji ni yeye.

Shangazi, nakula naye, nalala naye, naoga naye kando ya ndoo. Barua hii naiandika Bubu akiwa magotini. Siku ya mwisho ni kesho. Niombee.

Nasikia kutoka kwa Mama kwamba Sajenti kauza ile bunduki na bado anakuja kila wiki. Anakuja kusafishiwa nini sasa? Wewe pia una maswali ya kujibu.

Nampa mpishi barua aigandishe.

Mwanao


Shikamoo Shangazi. Naandika upesi hapa chini, yeye anapakia gari. Asante kwa bunduki, nalala vizuri. Jana usiku kamsahau Bubu kwenye kamba ya nguo. Nimemrudisha kitandani kwake kabla hajaamka vizuri, na sijahesabu. Usimwambie.
Mpishi